Kandambili Kwenye Kina cha Mita Nne

(Hotuba kwa wahandisi wanaoanza kazi, Morogoro)

Ndugu mwenyekiti, wazee wenzangu mliokwisha kustaafu pamoja na ninyi ambao bado mmeng'ang'ania viti, na hasa ninyi vijana mliomaliza chuo juzijuzi: wakubwa shikamooni, wadogo zangu habari za mchana.

Barua ya mwaliko ilisema nije nieleze jinsi nilivyopanda katika kazi. Nilicheka nilipoisoma. Wenzangu niliomaliza nao Mlimani ndio waliopanda: maghorofa, viwanja vya ndege, ofisi zenye zulia. Mimi kazi yangu imekuwa kushuka. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimeyatazama madaraja kutokea upande ambao abiria hauoni, kule chini kwenye nguzo, matope magotini, na mama watoto ana hesabu kamili ya suruali alizozitupa.

Huko chini nimejifunza jambo moja, na nitalisema sasa hivi ili atakayesinzia kwa shibe asilikose. Sakafu ya mto unayoiona kiangazi si sakafu ya mto. Ni mchanga uliotandikwa juu ya shimo. Muda uliobaki nitaeleza kwa nini jambo dogo kama hili lilinichukua miaka kuliamini, na limegharimu nini hapa kwetu na kwa wenzetu.

Nianze mbali kidogo. Mimi mtoto wa Pangani. Baba alikuwa nahodha wa jahazi, na shule zikifungwa mara mojamoja alinichukua. Jahazi likikaribia mlango wa mto, baharia mmoja alisimama omoni akitupa bildi. Vijana wa bara mniwie radhi: bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama. Unakitupa majini, kikigusa chini unasoma kina. Akitupa, anataja pima. Akitupa tena, anataja tena. Siku moja nikamwuliza baba kwa nini wanapima kila mara ilhali wiki iliyopita tulipita palepale. Akanijibu bila kugeuka: "Fungu halilali." Yaani lile fungu la mchanga chini ya maji halikai mahali pamoja, na kina cha wiki iliyopita si cha leo. Nikaenda chuo kikuu, nikafundishwa mengi, na neno hilo nikalisahau. Laiti ningelikumbuka, ningeepuka aibu ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilitumwa kukagua daraja dogo la zege kwenye mto wa msimu, upande wa Dodoma. Jina la mto sitalitaja, wala ofisi iliyonituma. Ilikuwa Septemba. Mto wa msimu mwezi Septemba mnaujua: barabara ya mchanga mweupe, mbuzi wanakatiza, akina mama wamefukua visima vidogo wanachota maji kwa kata. Daraja lilikuwa na nguzo mbili katikati, kila moja upana wa mita 1.2. Michoro ilionyesha msingi umekwenda mita 3 chini ya mchanga. Nikapima usawa wa mchanga, nikalinganisha na mchoro, tofauti ilikuwa sentimita chache tu. Nikapiga picha. Nikaandika kwenye ripoti: "Hakuna dalili ya mmomonyoko kwenye misingi." Sentensi hiyo naikumbuka mpaka nukta yake.

Machi iliyofuata mvua ilinyesha milimani, na mto ukaja usiku. Asubuhi nguzo moja ilikuwa imezama upande, kama mzee aliyeinama kuokota fimbo, na lori la mahindi limekwama juu, tairi za mbele ziko hewani. Dereva na utingo walitoka wakitambaa, wazima. Mungu alinisitiri.

Maji yalipokauka nikarudi kuangalia, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Mchanga ulikuwa palepale. Usawa uleule, sentimita chache juu au chini. Nguzo imezama lakini shimo halipo! Mkaguzi ambaye hakuliona lile lori angeweza kuiandika upya ripoti yangu neno kwa neno na kuondoka zake.

Baadaye mafundi wakaanza kuchimba msingi mpya, pampu zikivuta maji usiku na mchana. Walipofika kina cha mita nne hivi, fundi mmoja akanirushia kitu. Kandambili. Ya plastiki, ya bluu, mkanda mmoja umekatika. Ilikuwa mita nne chini ya mchanga ambao mimi niliandika kuwa haujaguswa. Kandambili haina jembe. Ilifika pale kwa sababu usiku ule, kwa saa chache, pale ndipo ilipokuwa sakafu ya mto. Maji yaliondoa mchanga wote mpaka chini ya msingi, nguzo ikakosa pa kukanyaga, ikaenda. Mafuriko yalipopungua, maji yakakosa nguvu ya kubeba mzigo wake, yakaumwaga mchanga mwingine mahali pa ule wa kwanza na kuusawazisha vizuri kabisa. Mto ulichimba kaburi, ukazika, ukafagia.

Kandambili ile ilikaa mezani kwangu miaka yote. Wageni walidhani ni ya mtoto.

Sasa kwa wale ambao si watu wa maji, maana naona na wahandisi wa umeme wamekuja, nadhani kwa ajili ya pilau, nieleze shimo linachimbwaje. Simama ufukweni peku wimbi linaporudi baharini. Hujasogea, lakini mchanga chini ya visigino unaondoka na wewe unazama. Nguzo ya daraja ni huo mguu. Maji ya karibu na uso wa mto yanakimbia kuliko ya karibu na sakafu, kwa hiyo yakigonga uso wa nguzo yanasukumwa kuteremka kama ndoo iliyomwagwa ukutani. Yakifika chini yanaubwakia mchanga, yanajikunja, yanageuka kisulisuli cha majini kilicholala, kisha yanaizunguka nguzo pande zote mbili. Ukikitazama kutoka juu kimekaa kama kwato. Kisulisuli hicho ndicho kinachochimba, na kinachimba zaidi mbele ya nguzo, mahali ambapo macho yako hayafiki, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Kanuni ya makadirio inayotumika sana duniani inasema nguzo yenye pua ya mviringo, iliyokaa sawasawa na mkondo, kwa mafuriko ya kawaida ya mito yetu, inaweza kuchimbiwa mpaka mara 2.4 ya upana wake. Ya kwangu ilikuwa mita 1.2, basi pigeni wenyewe: mita 2.9 hivi. Hapo bado hujahesabu kubanwa kwa mto. Mto uliozoea kutanda mita themanini, ukiuwekea matuta ya udongo ya kuinulia barabara kushoto na kulia ukauachia upenyo wa mita thelathini, nafasi uliyomnyima pembeni utaitafuta chini. Jumlisha hayo mawili na mita nne si muujiza tena. Zilikuwa dakika kumi za penseli, nami sikuzitumia, kwa sababu mchanga ulikuwa umetulia na jua lilikuwa kali.

Kuna na pembe. Nguzo nyingi za zamani ni kuta, ndefu kwa urefu wa upana wa barabara. Chukua ukuta ambao urefu wake ni mara 8 ya unene wake. Mkondo ukiujia sawa, hakuna neno. Ukiujia kwa nyuzi 15 tu, shimo linakuwa mara mbili. Kwa nyuzi 30, linakaribia mara tatu. Na nani amewaambia kwamba mto utaendelea kuja sawa? Daraja linajengwa siku moja, limenyooshwa na mkondo wa siku hiyo. Miaka kumi baadaye kona ya mto imehama kwa juu, maji yanaingia kimshazari, na michoro ofisini bado inaonyesha mshale ulionyooka. Fungu halilali.

Halafu magogo. Mti mmoja uliong'oka ukinasa kwenye nguzo, nguzo ya mita 1.2 inageuka kuwa ya mita tano. Anayetoa magogo kwenye nguzo kabla ya masika, hata kama ni kibarua mwenye panga na kamba, amefanya uhandisi kuliko ripoti zangu kadhaa.

Jambo jingine ambalo watu huona kama nawatania: mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe ambalo maji hayo yanaweza kulisukuma hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara 64. Ni kanuni ya zamani, ya karne ya kumi na tisa, nguvu ya sita ya mwendo. Ndiyo maana mzee wa kijiji anapokwambia "maji yalibeba jiwe kama hili" na kukuonyesha jiwe ambalo watu wanne hawaliinui, usitabasamu. Chukua futi kamba, lipime, kwa sababu amekupa kipimo cha mwendo wa mafuriko ambayo hakuna kifaa kilichoyapima.

Muda nao unategemea umejenga juu ya nini. Kwenye mchanga na changarawe shimo linafikia mwisho wake kwa saa. Kwenye udongo wa mfinyanzi, kwa siku. Kwenye mawe laini ya mchanga, miezi. Chokaa ngumu, miaka. Matale magumu, karne. Tatizo la sisi wa mito ya mchanga ni kwamba tunahesabiwa kwa saa, na barua ya kuomba gari la ukaguzi inahesabiwa kwa wiki.

Msidhani haya ni ya kwetu maskini. Tarehe 5 Aprili 1987, Jumapili asubuhi, huko New York, Marekani, daraja la barabara kuu juu ya kijito kiitwacho Schoharie lilianguka. Si mto mkubwa, jina lenyewe ni kijito. Nguzo namba tatu iliondokewa na ardhi, vipande viwili vya daraja vikashuka majini, magari matano yakafuata na watu 10 wakafa. Daraja lilikuwa na umri wa miaka 33. Misingi yake ilikuwa mifupi, haikukaa juu ya paili, zile nguzo ndefu zinazoshindiliwa ardhini. Ilitegemea mawe yaliyopangwa kuizunguka yaizuie isichimbwe. Mafuriko ya mwaka 1955, daraja likiwa jipya kabisa, yaliyasumbua mawe hayo, na kinga ile haikurudishwa kama ilivyotakiwa. Shimo walilolikuta lilikuwa na kina cha karibu mita 3. Yaani kwa miongo mitatu watu walivuka kila siku juu ya daraja ambalo kinga yake ilikuwa inaondoka jiwe moja moja.

Baada ya hapo serikali yao ikaagiza madaraja yote yaliyo juu ya maji yatathminiwe kwa hatari hii, na mwaka 1991 ukatoka mwongozo ambao wengi wenu mmeusoma kwenye kompyuta bila kujua umeandikwa kwa sababu ya nani.

Na jirani zetu. Tarehe 30 Januari 1993, Kenya, treni ya abiria kwenye reli ya Mombasa na Nairobi ilifika kwenye mto Ngai Ndethya. Mto wa msimu, ndugu zanguni, kama ule wangu wa kandambili. Mafuriko yalikuwa yameliondoa daraja. Walikufa watu zaidi ya 100. Kila nilipopita njia ile baadaye, kiangazi, nilikuta kitanda cha mchanga ambacho mtoto angechezea mpira.

Kisa cha Ureno ndicho kinachonikosesha usingizi zaidi, kwa sababu ya uchimbaji wa mchanga. Daraja la Hintze Ribeiro, juu ya mto Douro, lilijengwa karne ya kumi na tisa na lilisimama zaidi ya miaka mia. Usiku wa tarehe 4 Machi 2001 nguzo yake moja ilianguka, basi la watu waliokuwa wanarudi kutembea kutazama maua ya milozi likaingia mtoni pamoja na magari madogo matatu. Watu 59, hakuna aliyepona. Waziri husika alijiuzulu. Mvua ilikuwa kubwa majira yale, lakini kwa miaka mingi mchanga wa mto ule ulikuwa unachotwa kwa ajili ya ujenzi na sakafu yote ilikuwa imeshuka, kwa hiyo nguzo zilikuwa zimebaki na ardhi ndogo ya kujishikilia kuliko ile waliyohesabu wajenzi wa kwanza.

Sasa nendeni mkasimame kwenye mito ya Dar es Salaam na pembezoni mwake asubuhi na mapema mhesabu malori. Nawaelewa vijana wale wenye makoleo, wanakula kwa jasho lao, na mchanga huo ndio nyumba zetu sote tuliomo humu. Lakini kuchota mchanga chini ya daraja ni kulikata daraja miguu kwa mikopo. Wenzetu wa Makueni, Kenya, walitunga sheria yao ya kaunti ya mchanga mwaka 2015, ya kuuhifadhi na kuutumia kwa mpango. Kwetu naona tunawakimbiza wenye makoleo na kuwaacha wenye malori. Hayo ni maoni yangu, mwenyekiti usiyaweke kwenye muhtasari. Au yaweke.

Mto huohuo unaweza kula juu na kutapika chini. Msimbazi unabomoa kingo zake huko unakotoka, lakini pale Jangwani shida yetu haijawa shimo. Shida ni mchanga kujaa mpaka maji yanakosa pa kupita chini ya daraja na kuamua kupita juu. Ukienda Jangwani na kanuni ya shimo peke yake, umekwenda hospitali ya macho na jino linalouma.

Hapa tulipo Morogoro, mkitaka shule kubwa ya mto, msiende ng'ambo. Pandeni mpaka Kilosa. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Wajerumani walipokutana na milima ya Usagara walifuata bonde la mto Mkondoa, Kilosa kwenda Kidete mpaka Gulwe, kwa sababu treni ya mvuke haipendi kupanda na bonde lilikuwa limekwisha kuchongwa na maji, bure. Tangu wakati huo reli na mto wanalala kitanda kimoja, na mto ndiye anayevuta shuka. Mchanga unashuka kutoka nyanda za Mpwapwa, unainua sakafu mahali fulani, mto unahama, unakula tuta la reli mahali pengine. Mwaka huu unaimarisha daraja, mwaka ujao mto hauji kwenye daraja kabisa, umejikatia njia mita mia mbili pembeni. Mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 ziliikata reli vibaya kiasi cha treni za abiria kutoka Dar es Salaam kusimama kwa miezi. Nilikuwa miongoni mwa waliotembea kwa miguu kipande kile. Niliona mataruma yananing'inia hewani yameshikwa na reli tu, kama ngazi ya kamba, na chini yake mto unapita umetulia, maji ya magotini, haujui lolote.

Reli mpya ya SGR haikufuata kila kona ya mto kule bondeni. Ilipanda ubavuni mwa milima na kutoboa mahandaki. Kuna waliolalamikia gharama. Mimi niliyewahi kubeba mawe ya kinga mwaka baada ya mwaka kuyapeleka yakaliwe na Mkondoa, sikulalamika.

Tumezoea kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye semina zetu methali hiyo haikosi. Shida ya mto ni kwamba ufa wenyewe umefunikwa. Basi utauonaje? Hili ndilo swali nililolifanyia kazi baada ya kandambili.

Njia ya kwanza ni ile ya baba yangu: pima mto ukiwa kazini. Mafuriko yakija, simama darajani na kamba na uzito, pima mbele ya kila nguzo, andika saa. Ni kazi mbaya. Uzito wa kilo ishirini unasombwa kama karatasi, gogo linakuja gizani, na dereva wa ofisi amegoma kuvuka. Siku hizi kuna vifaa vya mwangwi wa sauti vinavyofungwa kwenye nguzo na kutuma kina kwa simu, na ni vizuri, lakini nimeona vingi vikifa kwa betri na kwa matope kabla ya kufa kwa mafuriko.

Njia ya pili ndiyo niliyoipenda, na mito yetu ya msimu inaifaa kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake. Wanajiolojia wa Marekani waliitumia kwenye makorongo ya jangwani kwao. Unanunua cheni ya chuma, ile ya kufungia geti inatosha. Kiangazi, mto ukiwa mkavu, unatoboa mchanga kwa keekee ya mkono mpaka mita nne, tano, unaishusha cheni imesimama wima, chini umeifunga kwenye nanga au kipande cha nondo, juu inaishia sawa na uso wa mchanga. Unafukia. Unapima mahali ulipoiweka kutoka alama mbili za kudumu, maana hutaiona tena. Kisha unakwenda nyumbani kusubiri.

Mafuriko yakija, mchanga unaondoka, na kila pete ya cheni inayobaki bila mchanga inalala kuelekea mto unakokwenda. Mchanga unaporudi unaizika ikiwa imelala hivyo. Kiangazi unachimba. Unakuta cheni imelala, unaifuata, mpaka inapopiga kona na kusimama wima kwenda chini. Pale kwenye kona ndipo mto ulipofika. Haijalishi juu mchanga umefagiwa vipi. Nilipochimbua cheni yangu ya kwanza, uso wa mchanga ulikuwa umeshuka sentimita nane, na kona ilikuwa kwenye mita mbili na nusu. Nilikaa kwenye lile shimo muda mrefu. Vibarua walidhani nimeumwa.

Gharama ya cheni ile ilikuwa ndogo kuliko posho yangu ya safari. Niliandika ripoti, nikachora kona ya cheni, nikapendekeza tuongeze paili na tufungue makalavati ya ziada kwenye tuta ili mto usibanwe. Ripoti ikaingia kwenye kabati. Misimu miwili baadaye daraja lilibaki limesimama zima, lakini tuta la upande mmoja lilikatwa, na kukawa na daraja zuri katikati ya maji, halifikiki na mtu yeyote. Mkubwa wangu wa wakati ule alinipigia simu akauliza kama ninayo nakala. Nilikuwa nayo. Ninyi nanyi mtunze nakala.

Nimetaja tuta, niseme neno. Dumila, Januari 2014, mnakumbuka barabara ya Dodoma ilivyokatika na magari yalivyolala pande zote mbili. Somanga, Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoitenga Lindi na Mtwara na Dar es Salaam. Mara nyingi kwetu kinachoondoka kwanza ni njia ya kuingilia, udongo ule ulioshindiliwa nyuma ya egemeo la daraja, kabla hata ya nguzo. Wakati mwingine mimi hupendekeza kwa makusudi: sehemu moja ya tuta iwe chini kidogo kuliko nyingine, imewekewa zege juu kama drifti, kile kivuko ambacho maji hupita juu yake, ili maji yakizidi yapite pale na daraja lipone. Unachagua mahali pa kushindwa kabla mto haujakuchagulia. Kulieleza hilo kwenye kikao cha bajeti, kwamba unaomba fedha za kujenga mahali patakapofurika, kunahitaji moyo.

Kwenye vikao hivyohivyo mtaulizwa juu ya "mafuriko ya miaka 100". Kiongozi atasema: yalitokea juzi, basi tumebakiwa na miaka tisini na tisa. Mwelezeni kwa upole. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi moja kati ya mia, na mto haukumbuki mwaka jana. Daraja litakalokaa miaka 50 lina nafasi ya karibu asilimia 40 kukutana na mafuriko hayo au makubwa zaidi. Asilimia arobaini! Hakuna kati yenu atakayepanda basi ambalo kondakta amemtajia namba hiyo.

Na namba hizo tunazipata wapi? Kwa msomaji wa geji, mwanakijiji anayekwenda mtoni asubuhi na jioni kusoma usawa wa maji kwenye ubao wenye alama. Posho yake ni ndogo, na ikichelewa miezi mitatu anaanza kuusomea mto nyumbani. Nimewahi kukuta daftari lenye usawa uleule siku arobaini mfululizo, katikati ya masika. Sikumkaripia. Niliuliza mara ya mwisho alilipwa lini.

Penye daftari la namna hiyo, ulizeni watu. Usiulize "mafuriko makubwa yalikuwa mwaka gani", hakuna anayeishi kwa mwaka. Uliza: yalifika wapi siku mtoto huyu alipozaliwa? Bibi mmoja aliniongoza mpaka kwenye mbuyu, akaweka kiganja chake juu ya kovu kwenye gamba, akasema gogo liligonga hapa, tulikuwa tumelala kwenye matawi. Nikaweka levo, kifaa cha kupimia usawa, nikasoma. Usawa ule, pamoja na mteremko wa mto na kanuni ya Manning ya kukokotoa mwendo wa maji, ile ya Mwairishi wa mwaka 1889, ulinipa mafuriko makubwa kwa theluthi moja kuliko yaliyokuwa kwenye usanifu. Na kwenye Manning mnajua ile n ya ukwaru wa mto inachaguliwa kwa macho. Wahandisi wawili kwenye mto mmoja watakupa n mbili na ugomvi mmoja. Kwenye kiganja cha bibi hakukuwa na ugomvi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi namalizia na tangazo. Kwenye buti ya gari yangu nje kuna cheni tatu, mita tano kila moja, na keekee ya mkono. Kuna korongo njia ya Dodoma, halijaanza kutiririka, daraja lake lina nguzo mbili na mchanga wake umetulia vizuri sana. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka, nafasi za gari ni saba. Mje na maji ya kunywa na kofia. Msije na kandambili.